Spidi ya Jua kujizungusha ndani inabadilika kila miaka 11, modeli yake mtu anaanzia wapi?

Mwanafunzi_wa_Anga:
Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa mwisho fizikia na projekti niliyochagua ni modeli ya dainamo ya Jua, yaani namna Jua linavyojizalishia uga wake wa sumaku, msimamizi wangu ni mtu wa fizikia ya vitu yabisi, mtu poa sana ila kwenye hii tunasoma wote wawili kama wanafunzi, ndo maana nimeona nilete huku labda kuna walioshaingia humo.

Ninachoelewa mpaka sasa ni kwamba Jua halizunguki kama kitu kigumu, ikweta yake inamaliza mzunguko kwa siku 25 hivi na kule nchani inafika karibu siku 35. Hilo halina shida, Carrington alishalipima karne ya 19 kwa kufuatilia madoa tu, yale mabaka meusi ya usoni mwake. Kinachonivuruga ni kwamba hata hiyo spidi yenyewe haitulii. Nimesoma kuwa mwaka 1980 Howard na LaBonte wa kituo cha kuchunguza anga cha Mount Wilson walitangaza kuna mikanda, yaani latitudo fulani inakwenda haraka kidogo kuliko kawaida yake, jirani yake taratibu kidogo, halafu mikanda inahama mwaka hadi mwaka kuelekea ikweta ikiongozana na madoa. Tofauti yenyewe ni mita chache kwa sekunde wakati ikweta inakwenda kilometa 2 kwa sekunde!! Sasa mita 5 ndani ya 2000 unazionaje, tena chini huko kilometa laki na ushee? Na je mikanda ndo inaleta madoa au madoa ndo yanaleta mikanda? La mwisho, laptopu yangu ina ramu ya GB 8, kuna modeli yoyote ya maana itaingia humo au nibadilishe topiki mapema kabla sijaaibika?

FundiMawimbi:
Usibadilishe mkuu, umeokota topiki tamu. Mimi naanza na hilo la kuona ndani maana ndo kazi yangu, hayo ya sumaku kuna watu humu watakuja.

Uso wa Jua unapanda na kushuka, kipindi chake dakika 5 hivi. Leighton na wenzake waliliona hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ilichukua muda kueleweka kwamba ni mawimbi ya sauti yaliyonaswa ndani, yanashuka, yanazidi kupinda kadiri joto linavyopanda huko chini, yanarudi juu, yanagonga uso na kuanza tena. Mitetemo hiyo iko ya aina mamilioni, mingine inaishia karibu na uso, mingine inazama sana. Sasa wimbi linaloenda upande ule ule Jua linakozunguka linaonekana kuwa na frikwensi kubwa kidogo, na pacha wake anayeenda kinyume anakuwa na ndogo kidogo. Tofauti ya hao mapacha wawili ndo spidi ya mzunguko pale mawimbi yalipopita. Ukishakuwa na mapacha wengi wanaofika vina tofauti, unatatua kinyumenyume mpaka unapata spidi kwa kila kina na kila latitudo. Hamna uchawi, ni hesabu ndefu tu.

Mita 5 zinaonekana kwa sababu ya kukaa macho bila kukatisha. Mtandao wa darubini za Jua unaoitwa GONG una vituo sita, California, Hawaii, Learmonth Australia, Udaipur India, Tenerife na Cerro Tololo kule Chile, kwa hiyo jua likizama kwa huyu kwa mwingine limeshachomoza, na wanafanya hivyo tangu 1995. Angani kulikuwa na chombo cha MDI ndani ya satelaiti ya SOHO kuanzia 1996, kikapokelewa na HMI ndani ya SDO iliyorushwa 2010. Data za MDI na HMI zinachakatwa kwa vipande vya siku 72, hiyo namba ikumbuke maana inakwambia chochote kinachobadilika ndani ya mwezi mmoja huwezi kukiona kwa njia hii.

Walichokuta ndo hiki. Kuanzia chini mpaka kama asilimia 70 ya nusu kipenyo Jua linazunguka karibu kama kipande kimoja, siku 27 hivi. Kutoka hapo kwenda juu ni tabaka linalochemka, unene wake kilometa laki mbili hivi, na huko kila latitudo ina spidi yake. Kati ya hizo sehemu mbili kuna mpaka mwembamba ambao spidi inabadilika ghafla, Spiegel na Zahn waliupa jina takoklaini mwaka 1992. Halafu juu kabisa, asilimia 5 ya mwisho, kuna tabaka jingine ambalo ukishuka ndani spidi inaongezeka. Na hiyo mikanda yako si ya juujuu, latitudo za juu inazama tabaka zima linalochemka.

Bi_Sumaku:
FundiMawimbi amemaliza upande wake. Mdogo wangu mimi nijibu hilo la nani anamleta nani.

Umewahi kuendesha ile baiskeli ya zamani yenye dainamo inayosugua tairi? Taa ikiwaka pedeli inakuwa nzito. Mzunguko unazaa umeme na umeme unaurudishia mzunguko mzigo. Jua liko hivyo hivyo. Uga wa sumaku unaolala kaskazini kusini unakamatwa na tofauti za spidi, unavutwa na kuzungushwa mpaka unageuka uga wenye nguvu unaolala mashariki magharibi, huo ndo unaokuja kuchomoza kama madoa. Lakini uga ukishavutwa nao unavuta, ile nguvu ya Lorentz, yaani msukumo wa sumaku, inasukuma plazma (gesi ya Jua yenye chaji za umeme) mbele hapa na kuishika nyuma pale. Malkus na Proctor waliandika hilo mwaka 1975, kabla mikanda haijatangazwa. Kwa hiyo ukiuliza kipi kinaanza, ni duara, ila yale mabadiliko madogo ya spidi kwa sehemu kubwa ni JIBU la uga, siyo chanzo cha mzunguko wa madoa. Chanzo ni ile tofauti kubwa ya kudumu kati ya ikweta na ncha.

Na kuna ushahidi mzuri wa hili hata kabla hujawasha kompyuta. Uga wa Jua unageuza ncha zake kila miaka 11, kwa hiyo duru yake kamili ni miaka 22, sheria ya Hale hiyo. Mikanda ya spidi lakini duru yake ni miaka 11. Kwa nini nusu? Kwa sababu nguvu ya Lorentz ni zao la uga mara uga, na ukizidisha vitu viwili vya miaka 22 unapata kitu cha miaka 11, haijalishi alama ni chanya au hasi. Fanya kwa karatasi, kosaini mara kosaini, utaiona. Modeli yako ikikupa mikanda ya miaka 22 ujue kuna sehemu umeandika nguvu vibaya, usianze kutafuta maelezo ya kifizikia.

Ramu ya GB 8 inatosha na kubaki. Milinganyo yako ni mitatu. Wa kwanza ni wa uga wa kaskazini kusini, unazaliwa na athari ya alfa na unaliwa na msambao, yaani kutawanyika kwake. Wa pili ni wa uga wa mashariki magharibi, unazaliwa na tofauti za spidi na nao unaliwa na msambao. Wa tatu, ambao wanafunzi wengi wanauacha, ni wa mabadiliko ya spidi yenyewe, yanasukumwa na zao la uga wa kwanza na wa pili na kushikwa na mnato. Alfa ilitoka kwa Parker mwaka 1955, kwamba gesi inayopanda huku inajipinda kwa sababu ya mzunguko inaupinda na uga, na lazima kitu kama hicho kiwepo maana Cowling alishathibitisha mwaka 1934 kuwa uga ulio sawa kabisa kuzunguka mhimili hauwezi kujilea wenyewe.

Anza na kipimo kimoja, latitudo peke yake. Ukishaona mawimbi ya uga yanatembea ndo uongeze kina. Ukienda moja kwa moja kwenye vipimo vitatu utaishia kulilia supakompyuta.

Baharia_wa_Tanga:
Aisee mi nilijua jua linawaka tu basi kumbe na lenyewe lina gia. Swali nje ya mada, hivi ile Mei 2024 intaneti ilipozima huku kwetu si ndo siku zile zile watu wa Ulaya walikuwa wanapiga picha anga jekundu? Kuna jamaa alituapia kabisa kuwa jua ndo limekata nyaya.

FundiMawimbi:
@Baharia zilifuatana tu. Dhoruba ya jua ilikuwa tarehe 10 na 11 Mei, kubwa kweli, daraja la G5 la juu kabisa. Intaneti ilizima tarehe 12 kwa sababu nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini. Nyaya ya nuru haikatwi na dhoruba ya jua. Mwambie jamaa yako apunguze viapo.

Otero_wa_Nai:
Niaje wasee, niko Nairobi, nimefuata huu uzi tangu asubuhi. Bi Sumaku heshima zako ziko lakini kuna kitu nataka kubishia. Wewe na Fundi mnaongea kama vile takoklaini ndo jikoni, sasa mwaka 2024 Geoffrey Vasil wa Edinburgh na wenzake walitoa kazi kwenye Nature wakasema dainamo inaanzia karibu na uso, ile asilimia 5 hadi 10 ya juu. Hoja yao ni kwamba mikanda ya latitudo za chini imekaa huko juu juu, na inatembea na madoa bega kwa bega, kwa hivyo chanzo lazima kiwe kimoja. Sasa huyu kijana akijenga modeli yake chini kabisa si atakuwa anajenga kitu kimeshapitwa?

Bi_Sumaku:
Otero karibu, na hakuna mahali nimesema jikoni ni takoklaini, rudia kusoma. Ila hoja yako ni nzuri tuiongee.

Iko hivi. Kuna kanuni ya Parker na Yoshimura inayosema wimbi la dainamo linaelekea wapi, inategemea alama ya alfa na kama spidi inaongezeka au inapungua ukienda nje. Kwenye takoklaini, latitudo za chini ambako madoa yanatokea, spidi inaongezeka ukienda nje. Ukiweka alfa ya kawaida ya nusu ya kaskazini, wimbi linakimbilia NCHANI. Madoa yanakwenda ikweta. Ni aibu, na hata simulesheni za kwanza za Gilman na Glatzmaier miaka ya 1980 ziliangukia hapo hapo, uga ulikuwa unaelekea nchani. Kwenye tabaka la juu spidi inapungua ukienda nje, na ghafla mwelekeo unakuwa sahihi bila kulazimisha chochote. Hiyo ni pointi kubwa ya kambi ya uso na ilikuwepo muda mrefu kabla ya Vasil, yeye ameongeza aina nyingine ya mtikisiko, ule wa sumaku na mzunguko ambao wanaanga wanautumia kwenye visahani vya gesi vinavyozunguka mashimo meusi.

Sasa kambi ya chini nao wana majibu. Wapo wanaotumia mkondo wa meridiani, gesi inayosafiri usoni kutoka ikweta kwenda nchani kwa mita 10 hadi 20 kwa sekunde, ambayo lazima irudi kwa chini, na hiyo safari ya kurudi inaburuta uga kuelekea ikweta. Hapo unapata modeli ya Babcock na Leighton, Babcock 1961 na Leighton 1969, ambayo uga wa nchani unajengwa na mabaki ya madoa yaliyoinama. Mimi binafsi naiona Babcock na Leighton ina nguvu kwa sababu sehemu yake ya juu tunaiona kwa macho kila siku kwenye ramani za sumaku, haihitaji imani. Kazi ya Vasil naipenda lakini wamechukua mzunguko uliopo tayari wakauliza nini kinatikisika humo, bado hapo hujaeleza uga wa nchani unavyopinduka.

Kwa hiyo kijana ajenge modeli ambayo tofauti ya spidi anaweza kuihamisha juu au chini kwa kubadili namba moja. Aendeshe zote mbili. Hapo atakuwa na sura nzima ya ripoti.

Otero_wa_Nai:
Sawa, hapo umenishika lakini si kabisa. Na joto je? Spruit mwaka 2003 alisema mikanda ya chini si nguvu ya Lorentz, ni baridi. Maeneo yenye madoa yanapoteza joto zaidi, yanapoa kidogo, gesi inaingia kutoka pembeni na mzunguko wa Jua unaipinda, unapata mkanda.

Bi_Sumaku:
Hilo nakubali nusu. Rempel aliliweka kwenye modeli miaka ya 2006 na 2007 akaona tawi la latitudo za juu linaelezeka kwa msukumo wa sumaku peke yake, ila tawi la ikweta linahitaji hilo la joto. Tatizo la joto peke yake ni kwamba mikanda inaanza kuonekana latitudo za juu miaka kadhaa KABLA madoa ya duru hiyo hayajatokea. Doa ambalo halijazaliwa litapozaje gesi?

Mwanafunzi_wa_Anga:
Jamani asanteni mno, nimeshajaza daftari. Dada Bi Sumaku hilo la nusu ya miaka 22 nimelijaribu kwa karatasi limetoka mwanana. Nina mawili tu. Kuna makala niliyosoma inasema karibu na takoklaini spidi inabadilika pia kwa mwaka 1.3, hiyo inatoka wapi maana haina uhusiano na 11? Na je hizi modeli zinaweza kutabiri?

FundiMawimbi:
Hiyo ya 1.3 nenda nayo taratibu mkuu. Ni kazi ya Rachel Howe na wenzake, Science mwaka 2000. Waliona karibu na ikweta, juu kidogo ya takoklaini spidi ikipanda chini yake inashuka, halafu inageuka, kila miezi 16 hivi. Watu walichangamka sana. Lakini Antia na Basu walichambua data za kipindi kile kile kwa njia yao hawakuikuta, halafu baada ya 2001 ikafifia hata kwa wale waliokuwa wanaiona. Kuna waliosema ilikuwa kelele za data, kuna waliosema Jua linaweza kuwasha na kuzima tabia hiyo.

Upande wa modeli kuna kitu kizuri hapo, Covas, Tavakol na Moss waliendesha dainamo yenye mlinganyo ule wa tatu wa Bi Sumaku, wakakuta ukiisukuma vya kutosha mabadiliko ya spidi karibu na uso yanabaki na duru yao ndefu huku chini yanagawanyika yanapata duru fupi, bila kuingiza chochote kipya. Yaani mfumo mmoja, vina viwili, saa mbili. Hata kama ile 1.3 haikuwepo, hilo la mgawanyiko linafaa kulitafuta kwenye modeli yako. Ila usiipange modeli yako ili ITOE 1.3, mtahini mwenye macho atakuuliza data zako ziko wapi na huna.

Otero_wa_Nai:
Kutabiri nijibu mimi kwa mfano mmoja. Duru ya 25 ilianza Desemba 2019, jopo la wataalamu likatabiri kilele cha namba ya madoa 115 kufikia Julai 2025. Kilele kilichokuja, wastani uliolainishwa, ni 161 hivi na ni Oktoba 2024. Kikaja mapema na kikawa kikubwa. Kinachosaidia mpaka leo ni uga wa nchani wakati madoa yamelala, ukiwa mkubwa duru inayofuata nayo inakuwa kubwa, Schatten na wenzake wanautumia tangu 1978. Nje ya hapo kutabiri duru mbili mbele, achana nayo buda.

Bi_Sumaku:
Naongezea hapo kidogo. Kuna sababu ya ndani kwa nini duru mbili mbele hazishikiki. Kwenye mlinganyo wako wa tatu, angalia uwiano wa mnato kwa msambao wa uga, inaitwa namba ya Prandtl ya sumaku. Ukiiweka karibu na 1, spidi inajirekebisha haraka na unapata duru zinazofanana zote. Ukiishusha iwe ndogo, spidi inakuwa na kumbukumbu ndefu, uga unaikaba, uga wenyewe unadhoofika kwa kukosa cha kuuvuta, spidi inarudi polepole, uga unafufuka. Steven Tobias wa Leeds alionyesha hili miaka ya 1990, na unapata vipindi virefu ambavyo madoa karibu yanapotea kabisa, kama ile Maunder ya 1645 hadi 1715. Hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye somo hili, milinganyo mitatu tu kwenye laptopu inakupa miaka 70 ya ukimya.

Namna ya kuendesha: kwanza zima mlinganyo wa tatu, weka breki ya kawaida kwenye alfa ili uga usipasuke, hakikisha umepata mchoro wa kipepeo (uga au madoa kwa latitudo na muda) unaoelekea ikweta. Halafu washa wa tatu. Chora mabadiliko ya spidi kwa latitudo na muda, toa wastani wa muda mrefu kwanza la sivyo hutaona kitu, mikanda ni chini ya asilimia moja ya spidi nzima. Ikitoka mita 100 kwa sekunde breki yako ni dhaifu, data zinasema mita chache mpaka kama 10. Kisha angalia mkanda na madoa vinapishanaje kwa awamu, hapo ndo modeli nyingi zinaanguka, za wakubwa pia.

Na usiogope ukiona za wakubwa hazifanani na Jua. Mwaka 2010 timu ya Montreal ilipata uga unaojigeuza wenyewe kwa mpangilio mzuri, ila kila miaka 30 hivi. Hotta na Kusano mwaka 2021 walihitaji supakompyuta ya Fugaku kule Japani na pointi za gridi bilioni 5.4 ndo ikweta ikazunguka haraka kuliko ncha bila kusaidiwa. Ikweta tu hiyo!

Mwanafunzi_wa_Anga:
Hapo nimeelewa kwa nini umesema nianze na kipimo kimoja. Programu nitumie ipi, niandike mwenyewe au kuna iliyo tayari?

Otero_wa_Nai:
Ya kipimo kimoja andika mwenyewe na Python, ni mistari michache na ndo utaelewa kila neno linafanya nini. Ukifika vipimo viwili chukua Dedalus, ni ya bure, unaandika milinganyo karibu kama ilivyo kwenye karatasi, na Vasil ni mmoja wa walioitengeneza. Ila haikai kwenye Windows moja kwa moja, weka Linux ndani ya Windows kupitia WSL kwanza. Data za HMI za kulinganisha ziko wazi Stanford, zinaitwa JSOC, na SunPy, maktaba ya Python ya data za Jua, inajua kuzivuta. Zile za mzunguko wa ndani zimeshachakatwa, usije ukaanza kupakua picha za uso wa Jua, bando litaisha kabla hujafika Februari ya mwaka wa kwanza.